Tuache Kupika Data: Nilichojifunza kwa Kapasita ya Pangaboi

Naanza kwa kukiri. Mwaka wa kwanza, kwenye ripoti ya maabara ya umeme, niliandika majibu bila kupima. Tulikuwa watu tisa kwenye meza moja, mita moja, na muda ulikuwa umebaki dakika ishirini. Mwenzetu akafungua ripoti ya mwaka uliopita kwenye simu. Tukaangalia grafu yao ilivyokaa, tukaanza na jibu, tukarudi nyuma mpaka tukapata namba zinazolizaa. Hapa na pale tukachomeka tofauti ndogondogo ili isionekane imenyooka mno. Tukapata alama nzuri. Wewe unayesoma hapa unajua ninachozungumza, maana jambo lenyewe tumeshalipa jina: kupika data.

Kwa muda mrefu niliona huo ni ujanja wa kawaida wa chuo, kama kudesa au kusainiana mahudhurio. Nani anaumia? Mwalimu anajua, sisi tunajua, maisha yanaendelea. Leo naandika kwa sababu nimebadili mawazo, na kilichonibadili si semina ya maadili. Ni kidude cha kupimia kapasita nilichokiunda mwenyewe geto, Ipagala, na hasara ya shilingi elfu sita ambayo haikuwa yangu.

Ilikuwa Novemba. Anayekaa Dodoma anaijua Novemba: mvua haijafika, vumbi linalala mpaka kwenye mashuka, na saa nane mchana chumba cha bati kinageuka tanuri. Pangaboi langu likaanza kuzunguka kama linabembelezwa. Baadaye likawa haliondoki kabisa mpaka ulisukume kwa mti wa ufagio. Nikamwita fundi wa mtaani. Akaangalia mara moja, akasema, "Kapasita hiyo." Akabadilisha, likaondoka. Wiki tatu baadaye likarudi kule kule, na yeye akarudi na kapasita nyingine.

Safari hiyo nikamuuliza, "Fundi, unajuaje kama hiyo unayofunga ni nzima?"

Akacheka. "Tunaifunga, tunaona."

Hakuwa tapeli. Kapasita zake alizitoa kwenye mapangaboi mabovu aliyoyanunua kama chakavu, na mita yake ilikuwa na sehemu ya volti na ukinzani tu. Hakuwa na namna ya kujua zaidi ya kufunga na kuona. Mimi niliyekuwa naingia mwaka wa tatu, nikisomea mambo hayohayo, sikuwa na namna pia. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwa wasiosomea umeme nieleze kidogo. Pangaboi la nyumbani linatumia umeme wa fezi moja, na fezi moja peke yake haiwezi kuianzisha mota izunguke. Ndani kuna koili mbili. Kapasita inaufanya mkondo wa koili moja usiende sambamba na wa nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa mota msukumo wa kuondoka na upande wa kuzungukia. Mapangaboi mengi yana kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 2.5, na pembeni yake kuna alama ya asilimia 5 juu au chini. Ikichoka, uwezo wake unashuka polepole, bila moshi wala kupasuka. Kwa macho huwezi kuitofautisha na mpya. Lazima upime.

Kabatini kwa rafiki yangu kulikuwa na bodi ya Arduino Uno iliyotoka kwenye mradi wa mwaka wa mwisho wa mtu aliyeshamaliza. Kichwa cha mradi kilikuwa kirefu, chenye maneno "mfumo janja wa umwagiliaji". Ulitetewa, ukapigiwa makofi, ukapewa alama, na haukuwahi kumwagilia hata tuta moja la mchicha. Bodi nikaiazima. Nikatafuta rizista ya kiloomu 10, ile yenye mstari wa dhahabu, pamoja na vipande vya waya.

Kanuni yenyewe tuliisoma wote, tena wengine tangu kidato cha sita. Kapasita ukiijaza umeme kupitia rizista, inafika asilimia 63.2 ya volti unayoilisha baada ya muda ambao ni ukinzani mara uwezo wa kapasita. Kwa hiyo ukiujua ukinzani na ukaupima muda, uwezo unaupata kwa kugawanya. Mikrokontrola ya Uno inasoma volti kwa namba kutoka 0 hadi 1023. Unaiambia imwage kwanza umeme wote uliobaki kwenye kapasita, ianze kuijaza na kuhesabu muda, na isimame namba ikifika 647. Kapasita ya mikrofaradi 2.5 kwa rizista ya kiloomu 10 inatakiwa ifike hapo kwa milisekunde 25. Programu nzima haijazi ukurasa mmoja.

Kuna jambo la usalama ambalo lazima niliseme kabla hujakimbilia darini. Zima umeme kwenye swichi kuu, na usiamini swichi ya ukutani peke yake. Kapasita iliyotoka kwenye pangaboi inaweza kuwa bado na umeme ndani, kwa hiyo imwage kupitia rizista kubwa. Mtindo wa kugusisha bisibisi mpaka itoe cheche uache. Ukiichomeka ikiwa na umeme unaua bodi. Pini moja ya bodi ile niliiua hivyo siku ya kwanza.

Kidude kilipowaka, kapasita ya kwanza kupimwa ilikuwa ile ya fundi iliyokuwa kwenye pangaboi langu. Ikasoma 1.4. Nilikaa kitandani nikaitazama ile namba muda mrefu. Wiki zote zile nalala nimelowa jasho, na sababu ilikuwa namba ndogo namna ile. Nikaenda dukani kununua kapasita mpya, nikaifunga, pangaboi likapaa. Nikajiona injinia.

Kosa langu lilianzia hapo. Kabla ya kuifunga ile mpya niliipima, ikachukua milisekunde 26.3, maana yake mikrofaradi 2.63. Ganda lake limeandikwa 2.5. Nikapima tena, 2.63. Mara ya tatu, 2.63. Basi nikafanya kile ambacho miaka miwili ya maabara ilikuwa imenizoesha: nikaingia kwenye programu, nikaweka kuzidisha kwa 0.95, nikapima tena. Ikasoma 2.50. Nikapiga picha nikaiweka stetasi. Watu wakanimwagia makopakopa.

Sikuwa nimerekebisha kitu. Nilikuwa nimekilazimisha kipimo kiseme kilichoandikwa kwenye ganda, wakati ganda lenyewe linakiri kwamba linaweza kukosea kwa asilimia 5. Na niliifanya kazi hiyo kwa mkono mwepesi, bila hata dhamiri kunigusa, kwa sababu tumeshaifanya mara nyingi sana.

Habari za kidude zikazunguka uani. Mama mwenye nyumba akaniita. "Mwanangu, na langu la sebuleni linazunguka kizee. Hebu lipime na hiko chako." Nikapanda, nikaitoa kapasita, nikapima. Ikasoma 2.35. Nikapiga hesabu palepale mbele yake: asilimia 5 chini ya 2.5 ni 2.375, na hii iko chini ya hapo. "Mama, imekwisha hii." Namna ile kidude kilivyokuwa na taa na waya, na mimi nasoma chuo, angebisha vipi? Akatoa elfu sita, nikamnunulia mpya, nikafunga. Pangaboi likazunguka vilevile, kizee.

Akamwita fundi, yuleyule wa kwangu. Fundi hakuleta mita. Alizima umeme, akashika panga moja, akalisukuma kwa mkono, akaliachia. Lilizunguka kidogo likakwama. "Beringi zimekauka, vumbi limejaa," akasema. Akaniangalia bila ubaya. "Kapasita ikipungua kidogo hivyo, pangaboi haliwezi kuchoka namna hii, kijana. Ingekuwa imeshuka nusu, hapo sawa." Akafungua, akasafisha, akabadilisha beringi, kazi ikaisha.

Usiku ule sikulala vizuri, na pangaboi langu lilikuwa linafanya kazi. Kesho yake nikaibeba ile rizista mpaka maabara, nikamwomba msimamizi anipimie kwa mita yao ya mezani. Rizista iliyoandikwa kiloomu 10 ilikuwa 10.32. Siri yote ilikuwa hapo. Mstari wa dhahabu maana yake ni asilimia 5 juu au chini, na mimi niliuona siku ya kwanza nikaupuuza. Nikaufuta ule mzidisho wa 0.95, nikaweka ukinzani halisi. Kapasita mpya ile ya kwangu ikawa 2.55, ndani kabisa ya mipaka yake. Ile ya mama niliyoitupilia mbali ikawa 2.40. Haikuwa mbovu.

Tena ukiwa mkweli zaidi unakwenda mbele kidogo. Nikijumlisha wasiwasi wa mita iliyopima rizista na wa kidude chenyewe, naweza kusema 2.40 kuongeza au kupunguza kama 0.04 hivi. Kwa hiyo jibu nililopaswa kumpa mama mwenye nyumba lilikuwa hili: "Mama, inaonekana nzima, ila iko karibu na mpaka. Tutafute ugonjwa mwingine kwanza." Kidude cha kweli wakati mwingine kinakwambia sijui vizuri. Kidude changu kilichopikwa kilikuwa na uhakika, na uhakika huo ndio uliomtoa mama elfu sita.

Bumu lilipoingia nikamrudishia hela yake, nikamweleza nilivyokosea. Alinisikiliza, akasema, "Sasa hiko kidude chako mwanangu, kikidanganya wewe utajuaje?" Sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo kwenye chumba cha mtihani.

Nalirudisha kwenu, wanachuo wenzangu. Ripoti zetu zikidanganya, tutajuaje?

Sisi ni mafundi wa kulalamikia vipimo vya watu. Mkoa huu una soko la mahindi la Kibaigwa, na kelele za rumbesa hazijaanza leo: gunia linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani sokoni na pampu za mafuta barabarani, na muuza nyama akikutwa amechezea mizani tunashangilia akipigwa faini. Halafu tunaingia maabara tunachezea namba zetu na kuita ujanja. Muuza nyama anayeongeza gramu hamsini na mwanafunzi anayezidisha kwa 0.95 wana tofauti gani? Labda moja tu: yule anajua kwamba anaiba.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nami nilikuwa nayatoa.

La kwanza: vifaa havitoshi. Ni kweli, na sitaki kulipuuza. Watu tisa kwa mita moja hawawezi kujifunza kupima, na uongozi wa wanafunzi una haki ya kulisema hilo kila kikao. Lakini kupika data kunalificha tatizo hilohilo tunalolilalamikia. Tukikabidhi ripoti tisa nzuri kutoka kwenye mita moja mbovu, nani ataamini kwamba mita ni mbovu? Kundi likiandika "hatukumaliza, tulipata vipimo vitatu kati ya kumi kwa sababu ya foleni", hapo kuna ushahidi wa kupeleka mbele.

La pili: ukiandika namba isiyofanana na ya kitabu unakatwa alama. Hili nalo lina ukweli, na hapa nazungumza na walimu wetu kwa heshima. Mwanafunzi akileta 2.63 na maelezo kwamba rizista yake inaweza kukosea kwa asilimia 5, apewe alama zaidi ya yule aliyeleta 2.50 safi bila neno. Mkitoa alama kwa jibu kufanana na kitabu, mnatulipa tunakili kitabu. Hakuna mwenye njaa ya GPA atakayefanya tofauti.

La tatu nililisikia geto: kwa nini ujisumbue, wakati mita zenye sehemu ya kapasita zinauzwa madukani? Nunua, nami nikipata hela nitanunua. Lakini fungua kijitabu chake uone: nayo ina asilimia yake ya makosa, imeandikwa kwa herufi ndogo. Mtu ambaye hajawahi kuunda kipimo hata kimoja huwa hasomi herufi zile. Mimi nilikuwa sizisomi. Faida ya kukiunda mwenyewe ni kwamba kila mlango wa uongo unaufahamu kwa kuwa wewe ndiye uliyeuweka. Kwa mfano, changu nakijua hakifai kwa kapasita ndogo sana. Kusoma volti mara moja kunakichukua kama mikrosekunde 110. Kapasita ya nanofaradi 1 kwa rizista ya kiloomu 10 inajaa ndani ya mikrosekunde 10, kabla hakijapepesa jicho. Nikiweka rizista ya megaomu 1 inachukua milisekunde 1, yaani napata nafasi za kusoma tisa au kumi tu, na kosa linaweza kufika asilimia 10. Haya hayakuandikwa popote kwenye kidude. Nayajua kwa kuwa nimehangaika nayo.

Hata mwenye jina lake kwenye kipimo hiki aliishi hivyo. Faradi imetoka kwa Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza aliyeanza maisha kama mwanagenzi kwa mjalidi wa vitabu na hakuwahi kusoma chuo kikuu. Aliandika daftari la majaribio yake kwa aya zenye namba, zikapita 16,000, na yaliyoshindikana yakiwemo. Mwaka 1849 alitafuta uhusiano kati ya nguvu ya uvutano na umeme. Hakuupata, na alichapisha kwamba hakuupata. Angekuwa kwenye kundi letu la watu tisa, tungemwambia apike.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana muhula ujao. Kila anayesomea umeme, elektroniki, kompyuta au fizikia aunde kipimo kimoja katika mwaka wake wa kwanza au wa pili: cha kapasita, cha joto, cha unyevu wa udongo, chochote. Alama nyingi zitoke kwenye ukurasa mmoja unaoeleza kipimo chake kinakosea kiasi gani na amejuaje. Bodi zipo. Zimelala makabatini na chini ya vitanda, kwenye mifumo janja iliyoshatetewa. Serikali ya wanafunzi ifungue sanduku la kuzikusanya kila Julai na kuziazima kila Novemba. Na tutengeneze utaratibu wa kuvipeleka vipimo hivyo kwa mafundi wa Ipagala, Ilazo na Ng'ong'ona, tukae nao nusu siku. Wao watapata namba, sisi tutajifunza kushika panga na kulisukuma kwa mkono kabla ya kukimbilia namba.

Kidude changu sasa kiko kwa fundi. Tulikubaliana akitumie, nami Jumamosi nipite kuangalia. Nimekibandika karatasi juu, kwa kalamu nyeusi: "Kinafaa kuanzia mikrofaradi 1 hadi 100. Kinaweza kukosea kwa asilimia 2. Mwaga umeme kwanza." Wiki iliyopita nilikuta ameongeza mstari wake chini: "Angalia beringi kabla ya kupima."